Pete za chuma zenye umbo: kuzikunja kwa rola bila kalibu maalumu

Flanji ya tangi, ukingo wa feni, pete ya kukazia bomba, reli ya duara ya kuzungushia meza ya mashine: kila moja inaweza kutolewa kwa kalibu, na kila kalibu hutoa saizi moja tu. Ukihitaji pete kumi za kipenyo hiki na nne za kipenyo kile, kalibu itakula muda na fedha kuliko pete zenyewe. Kwa rola, umbo linatokana na nafasi ya rola na mwendo wa chuma kati yake. Ukizisogeza milimita chache umepata pete nyingine. Kazi kubwa inahamia kwenye hesabu, kwa sababu rola hazikuongezei chuma wala kukupunguzia. Urefu au ujazo ukikosewa kabla ya kukata, hakuna mpito, yaani kupitisha chuma mara moja kati ya rola, utakaouokoa.

Urefu wa kukata

Chuma kinapokunjwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unafinyika. Kati yake upo mstari ambao urefu wake haubadiliki, na huo ndio wa kuhesabia. Kwa chuma bapa mstari huo unapita katikati ya unene. Pete ya kipenyo cha ndani mm 600 kutoka chuma bapa cha 50 × 10 kilichokunjwa kwa ubapa inahitaji 3.1416 × (600 + 10) = mm 1,916. Chuma hichohicho kikikunjwa kwa ubavu, yaani ule upana wa mm 50 ukielekea katikati ya pete kama flanji, hesabu ni 3.1416 × (600 + 50) = mm 2,042.

Anglaini, yaani chuma cha umbo la L chenye mbawa mbili, ndiyo inayowakosesha wengi. Mstari wake haupo kwenye kona wala katikati ya ubawa, bali unapita kwenye kitovu cha eneo la umbo lote. Kwa anglaini ya 50 × 50 × 5 kitovu kiko mm 14 kutoka mgongo wa ubawa, na namba hiyo huonyeshwa kwenye jedwali lolote la vyuma vya ujenzi. Sasa angalia ubawa unaelekea wapi. Ukitoka nje, na kipenyo cha ndani ni mm 600, urefu ni 3.1416 × (600 + 28) = mm 1,973. Ukiingia ndani, na kipenyo cha nje ni mm 600, urefu ni 3.1416 × (600 − 28) = mm 1,797. Anayekata kwa kuzidisha 600 tu anapata mm 1,885 katika hali zote mbili, na pete yake inakosea kipenyo kwa mm 28, kubwa au ndogo kulingana na upande wa ubawa.

Ongeza sehemu ya ncha. Kwenye mashine ya rola tatu, mbili chini na moja juu katikati, ncha za chuma hazifikiwi na rola ya juu kikamilifu na hubaki zimenyooka. Sehemu isiyokunjika inakaribia nusu ya umbali kati ya vitovu vya rola za chini. Kama umbali huo ni mm 260, kila ncha itabaki na kama mm 130 zilizonyooka, kwa hiyo pete ya mm 1,916 ikatwe mm 2,180 na ncha zipunguzwe baada ya kukunja.

Kwa pete kadhaa za saizi moja, usikate vipande. Pitisha chuma kirefu kiendelee kujizungusha kama springi, halafu kata mizunguko yote kwa mstari mmoja. Ncha mbili zinapotea mara moja tu badala ya kupotea kwa kila pete. Ila fanya hesabu kwanza: kwenye chuma cha mita 6, pete tatu za mm 1,916 pamoja na ncha ni mm 6,008, na bado hujatoa mm 2 za kila mkato wa diski. Hakitoshi. Dawa ni kukunja ncha moja kabla, kwa presi au kwa nyundo juu ya kipande cha bomba nene chenye tao dogo kidogo kuliko la pete. Ncha hiyo haitakatwa tena, na unaokoa mm 130 zinazotosha na kubaki.

Chuma kitarudi, na kiasi chake kinahesabika

Chuma kikitoka kwenye rola hufunguka. Kiasi cha kufunguka kinategemea vitu vitatu: mkazo ambao chuma huanza kupinda bila kurudi, ugumu wake wa kunyumbuka, na unene ukilinganishwa na tao. Kwa chuma laini ambacho mkazo huo ni megapaskali 250, unene mm 10, ukitaka nusukipenyo cha mm 300 lazima ukikunje mpaka karibu mm 270 kikiwa kati ya rola. Aluminiamu ya 6061-T6, aloi iliyoimarishwa kwa joto, yenye unene uleule inahitaji kufikishwa karibu mm 220 ili ikitoka isimame kwenye 300. Aluminiamu hiyo ina nguvu inayokaribiana na ya chuma laini, lakini inanyumbuka karibu mara tatu zaidi, ndiyo maana inarudi sana.

Chuma kikikunjwa kwa ubavu hurudi kidogo mno, asilimia mbili au tatu, kwa kuwa upana wa mm 50 ndio unaofanya kazi ya unene. Stenlesi inahitaji tahadhari yake: inakuwa ngumu zaidi kila inapopita kwenye rola, kwa hiyo mpito wa sita haurudi sawa na wa pili. Kwa stenlesi tumia mipito michache yenye kina kuliko mingi myepesi.

Hata chuma laini hakifanani. Vyuma viwili vya saizi moja kutoka mafungu mawili vinaweza kutofautiana nguvu kiasi cha kubadilisha kipenyo kwa milimita kadhaa. Anza kila fungu jipya kwa kipande cha majaribio cha mm 700 hivi, ukunje, upime, ndipo uguse chuma cha kazi.

Mipito ya rola

Safisha chuma kwanza. Magamba na matone ya kuchomelea yakibanwa kati ya rola na chuma huacha alama zisizotoka, na huichimba rola yenyewe. Ondoa pia makali ya mkato kwenye ncha.

Shusha rola ya juu hadi iguse chuma kilichonyooka na uandike hapo kuwa sifuri. Kwa mashine ya mfano wetu, yenye umbali wa mm 260 na rola za chini za kipenyo cha mm 140, kukunja chuma cha mm 10 hadi nusukipenyo cha 270 kunahitaji rola ishuke kwa jumla kama mm 25. Hayo ni makadirio ya kukuonyesha unakoelekea, kwani tao halisi kati ya rola si duara kamili. Milimita mbili za kwanza zitarudi zote bila kuacha mkunjo wowote, kwa hiyo usishangae chuma kikitoka kimenyooka vilevile kilivyoingia.

Gawa mm 25 hizo: 8, kisha 6, 5, 3, halafu hatua za 1. Kila hatua, pitisha chuma kwenda na kurudi mara moja kabla ya kushusha tena. Ukishusha mm 15 kwa pigo moja utapata kona kali pale rola ilipoanzia, na kona hiyo itaonekana kwenye pete mpaka mwisho. Usishushe rola chuma kikiwa kimesimama katikati ya urefu wake kwa sababu hiyohiyo. Shusha ukiwa karibu na ncha, kwenye sehemu itakayokatwa.

Hatua za mwisho ndizo zinazoamua. Ukiwa karibu na saizi, kushusha mm 1 kunapunguza kipenyo cha pete kwa takriban mm 25 hadi 30. Robo ya milimita ni kama mm 6 hadi 8 za kipenyo. Skrubu ya rola ikiwa na uchezaji wa nusu milimita, namba zako zote zinapoteza maana, kwa hiyo kila mara fika kwenye kipimo ukitokea upande mmoja: ukizidisha, inua rola juu zaidi ya ulipotaka kisha shuka tena.

Pima tao kabla pete haijafunga. Weka rula ya mm 300 ndani ya tao, ncha zake zote mbili ziguse chuma, halafu pima pengo la katikati kwa kalipa ya kina. Kwa nusukipenyo cha ndani cha mm 300 pengo linatakiwa kuwa mm 40.2. Likiwa mm 38, nusukipenyo ni mm 315, yaani kipenyo kimezidi mm 30. Kosa la mm 2 kwenye pengo ni kubwa hivyo. Pima sehemu tatu: karibu na kila mwisho na katikati. Zikitofautiana, chuma hakikupita kwa mwendo sawa au rola hazilingani.

Rola ya juu haiwezi kutoa pete ndogo kuliko yenyewe, na kwa sababu chuma kinarudi, kipenyo kidogo kinachofaa kupangwa ni mara moja na nusu ya kipenyo cha rola ya juu. Chini ya hapo badilisha rola au badilisha njia.

Mikono ikae mbali na mahali chuma kinapoingia, na glovu za kitambaa zisivaliwe kabisa karibu na rola zinazozunguka, kwa kuwa uzi mmoja ukinaswa mkono wote unafuata. Ncha ya chuma kirefu inafagia eneo pana inapopanda. Weka uzio au mtu wa kuangalia upande huo.

Ubavu na anglaini: pale umbo linapotaka kukimbia

Chuma cha 50 × 10 kikikunjwa kwa ubavu hadi kipenyo cha ndani cha mm 600, ukingo wa nje unavutika karibu asilimia 7.7 na wa ndani unafinyika kiasi hichohicho. Chuma laini kinavumilia. Aluminiamu ya 6061-T6, ambayo hukatika ikivutika kama asilimia 10, iko ukingoni na inaweza kupasuka, hasa kama ukingo una mikwaruzo ya msumeno. Ilainishe kwa moto kwanza au omba ya hali laini.

Kufinyika kwa ndani kuna matokeo mawili. Ukingo wa ndani unanenepa, karibu mm 0.4 kwenye unene wa mm 10, huku wa nje ukipungua kiasi hicho. Uso wa flanji hautakuwa bapa tena, na kama utakaa na gasketi lazima ukerezwe. Acha mm 2 za ziada kwenye unene kwa ajili hiyo. La pili ni mikunjo: ukingo wa ndani ukikosa kushikwa unayumba kushoto na kulia na kufanya mawimbi. Tumia rola zenye mfereji unaoshika pande zote mbili za chuma, ukiacha nafasi ya mm 0.3 hadi 0.5 tu. Mawimbi yakishaanza usijaribu kuyabana kwa kushusha zaidi. Yalaze kwanza kwa nyundo juu ya bamba nene, kisha endelea kwa hatua ndogo.

Anglaini ina tabia ya kujisokota, kwa kuwa umbo lake halilingani pande zote na nguvu ya rola haipiti mahali linapotaka kupindia. Pete inapanda kama ngazi ya mzunguko, na pembe ya nyuzi 90 inafumba au kufunguka. Rola za pembeni, zile ndogo zinazosukuma chuma kutoka ubavuni kabla na baada ya rola kuu, zipo kwa kazi hii. Zisogeze mpaka ziguse tangu mpito wa kwanza. Ukisubiri msokoto uonekane umechelewa, maana kuuondoa kunahitaji kukunja chuma upande wa pili na tao linaharibika. Baada ya kila mpito weka skwea ndani ya pembe kwenye sehemu nne, na laza pete juu ya bamba uone inapoinuka.

Ubawa ukiingia ndani, kazi ni ngumu kuliko ukitoka nje. Ubawa unaofinyika unatafuta pa kukimbilia na utafanya mawimbi mapema, kwa hiyo mipito iwe mara mbili ya ile ya ubawa wa nje. Njia moja nzuri ni kukunja anglaini mbili zikiwa zimeunganishwa kwa vidoti vya kuchomelea ili zifanye umbo la T. Umbo hilo linalingana kushoto na kulia na halisokoti. Ukimaliza, kata vidoti na unapata pete mbili zinazofanana.

Kuunga na kurudisha duara

Kata ncha zilizonyooka kwa mstari unaoelekea katikati ya pete. Mkato usioelekea kitovu huacha pengo lenye umbo la kabari, na pete ikifungwa inakuwa na kilele. Kwa unene wa mm 10 chonga kila ncha nyuzi 30, ili mfereji uwe wa nyuzi 60, acha uso wa chini wa mm 1 hadi 2 bila kuchonga, na pengo la mm 2. Elektrodi (fimbo ya kuchomelea) ya E7018 ya mm 3.2, ikiwa kavu, inafanya kazi vizuri kwa ampea 110 hadi 130. Choma tabaka la kwanza nje, geuza, safisha mzizi kwa grainda hadi uone chuma safi, choma ndani, kisha badilishana. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya kugeuza, kiungo kitavutwa upande huo na pete itakuwa na pua.

Kiungo hukaza kinapopoa. Kikijivuta mm 1.5, mzingo umepungua hivyo na kipenyo kimepungua karibu nusu milimita, jambo dogo kwa flanji ya kawaida lakini kubwa kwa pete itakayopachikwa kwa kubana.

Saga nundu ya kiungo hadi iwe sawa na chuma, nje na ndani, ndipo urudishe pete kwenye rola kwa mizunguko miwili au mitatu ukiwa kwenye kipimo kilekile cha mwisho. Nundu ikiachwa, rola itaipanda kwa kishindo na ndiyo inayopasua kiungo. Kisha pima kipenyo kwa mielekeo minne. Tofauti kati ya kikubwa na kidogo ndiyo uduaradufu wako, na huondolewa kwa kubana mwelekeo mrefu kwenye presi kidogo kidogo. Karakana yenye kipanuzi cha vipande, ile koni inayosukuma vipande kutoka ndani, inaweza kutengeneza pete ndogo kidogo kwa makusudi na kuivuta asilimia 1 hadi 1.5. Kuvuta huko kunafuta uduaradufu na tofauti ya kurudi kwa chuma kwa pamoja. Kwa oda ya pete nyingi, hatuoni njia bora zaidi ya hiyo.

Kuviringisha moto: pete isiyo na kiungo

Pete ya beringi kubwa, flanji ya shinikizo kubwa au pete ya gia haitakiwi kuwa na kiungo. Hapa unaanza na donge lenye tundu, yaani kipande cha chuma cha duara kilichogandamizwa kikiwa moto na kutobolewa, unalibana kati ya rola kuu ya nje na mhimili wa ndani, unene unapungua na kipenyo kinakua. Rola mbili za koni hubana juu na chini, na rola za kuongoza hushika pete isiyumbe.

Kanuni ni ya ujazo. Kimo kikibaki kilekile, kipenyo cha kati ukizidisha kwa unene ni namba isiyobadilika. Chukua pete ya nje 500, ndani 420, kimo 60, posho ya kukereza ikiwa imo. Kipenyo cha kati ni 460 na unene 40, zidisha upate 18,400. Ukianza na donge la unene wa 80, kipenyo chake cha kati lazima kiwe 230, yaani nje 310 na ndani 150. Mhimili wa mm 120 unaingia bila shida.

Uzito wa pete hiyo ni kilo 27.2. Ongeza kilo 1.4 za kipande kinachotolewa tunduni, ikiwa kimeachwa na unene wa mm 10, na asilimia 2 ya magamba yanayopotea tanurini. Jumla ni karibu kilo 29.2. Kutoka chuma cha duara cha mm 150, hiyo ni urefu wa mm 211. Urefu huo ni mara 1.4 ya kipenyo, salama kabisa: ukizidi mara mbili na nusu, chuma hujipinda pembeni kinapogandamizwa badala ya kutanuka.

Chuma cha kaboni kianze kwenye nyuzijoto 1,150 hadi 1,200 za Selsiasi na kisiviringishwe chini ya 850. Kikipoa zaidi kingo hupasuka. Angusha magamba kabla ya rola kugusa, la sivyo yatazamishwa usoni. Anza polepole mpaka donge liwe duara, ongeza mwendo katikati, kisha punguza tena na acha pete izunguke mara kadhaa bila kubana zaidi ili isawazike. Pima ikiwa moto na ukumbuke itanywea: kwenye nyuzijoto 900 chuma kimetanuka kama asilimia 1.2, kwa hiyo pete ya mm 500 lazima isomeke mm 506 kwenye mashine.

Uso wa juu na chini ukitokea na bonde katikati, ule mkia wa samaki, rola za koni hazikubana vya kutosha: nyama ya karibu na rola imetanuka kwa kimo na ya katikati imebaki nyuma. Pete ikiwa na mfereji au bega, tatizo ni lingine. Sehemu inayobanwa sana inataka kukua kipenyo, ile isiyobanwa haitaki, na matokeo ni bega lisilojaa au pete inayojikunja kama bakuli. Rola yenye umbo peke yake haitibu hili. Donge lenyewe lazima litayarishwe likiwa na umbo la awali, kila tabaka la kimo likiwa na ujazo unaokaribia wa tabaka hilo kwenye pete ya mwisho. Kuta za mfereji zipewe mwinamo wa nyuzi 5 au zaidi ili chuma kijaze na pete iachane na rola.

Pete nyembamba

Kwa bati la mm 1 hadi 2, rola hizi ni nzito mno. Kipande cha bomba jembamba kinaweza kupanuliwa kwa plagi ya poliyurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, yenye ugumu wa 80 hadi 90 kwa kipimo cha ugumu wa mpira cha Shore A: plagi inagandamizwa kutoka juu, inatanuka pembeni, na kulisukuma bati kwenye mfereji wa kalibu ya nje iliyogawanyika vipande viwili. Plagi moja inatumika kwa maumbo mengi. Bomba likiwa na mshono, mshono huo ndio utakaopasuka kwanza, kwa hiyo usagwe sawa na ulainishwe kwa moto kabla. Acha pia ncha za bomba ziwe huru kusogea ndani, kwa sababu zikibanwa, mfereji wote unatolewa kwenye unene wa bati.